Mhuri, Stempu na Postikadi: Historia ya Ubadilishanaji wa Posta za Kimataifa katika Mpaka wa Tunduma, 1890 hadi Karne ya 21

Ikisiri

Insha hii inachunguza ukusanyaji wa stempu na postikadi kama chanzo cha historia ya Tunduma na eneo ambalo tangu mwaka 2016 linaitwa Mkoa wa Songwe. Hoja yake kuu ni kwamba picha na jina vilivyomo kwenye stempu hueleza zaidi matakwa ya serikali iliyoitoa kuliko maisha ya mahali ilipotumika. Ushahidi wa mahali hupatikana katika mhuri, anwani na maandishi ya mtumaji, yaani sehemu zile zile ambazo wakusanyaji wengi wamezoea kuzitupa. Inaoneshwa pia kwamba ubadilishanaji, kwa asili yake, huhamisha kumbukumbu: kilichoandikwa mpakani huhifadhiwa ng'ambo, na kinachobaki mpakani ni kumbukumbu za wengine.

1.0 Utangulizi

Mji wa Tunduma umekaa juu ya mpaka wa Tanzania na Zambia, ukitazamana na Nakonde. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA huvuka hapo. Tangu Oktoba 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa na marais wa nchi zote mbili. Wanahistoria wa mpaka huu wameshughulika zaidi na malori, mazao na magendo. Karatasi ndogo zilizovuka mpaka huo huo zikiwa na thamani ya senti chache hazijapewa uzito unaolingana.

Katika insha hii, ubadilishanaji una maana ya kutumiana barua, postikadi au stempu baina ya watu wa nchi mbalimbali kwa nia ya kupokea kitu cha namna hiyo hiyo. Mkusanyaji aliyekaa mbali na miji mikubwa hakuwa na duka la stempu. Njia yake ilikuwa kutoa alichonacho ili apate asichonacho. Kwa hiyo, kila mkusanyo uliojengwa kwa njia hiyo una nusu mbili zilizotengana: nusu iliyopokewa na nusu iliyokwenda. Swali linaloongoza insha ni hili: mtafiti akizishika karatasi hizo, anaweza kujua nini kuhusu Songwe, na amekwisha kupoteza nini kabla hajazishika?

2.0 Msingi wa Ubadilishanaji

Uingereza ilitoa stempu ya kwanza ya kubandika mwaka 1840, na malipo ya barua yakawa jukumu la mtumaji badala ya mpokeaji. Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Hata hivyo, ubadilishanaji wa kimataifa ulitegemea zaidi mkataba uliotiwa saini mjini Bern tarehe 9 Oktoba 1874, ambao ulizaa Umoja wa Posta Duniani. Kabla ya hapo kila nchi iliwekeana mapatano na nyingine, na barua moja iliweza kutozwa mara kadhaa njiani. Mkataba wa Bern uliyafanya maeneo ya wanachama kuwa eneo moja la posta: stempu ya nchi ilikotoka barua ilitosha kuifikisha mwisho wa safari.

Kwa muda mrefu kila nchi ilibaki na fedha za stempu ilizouza, kwa kuamini kwamba kila barua huleta jibu lake na hesabu zitasawazika zenyewe. Ni mkutano wa Tokyo wa mwaka 1969 ulioleta malipo kwa nchi inayopokea barua nyingi kuliko inazotuma. Dhana ya barua na jibu, ambayo ndiyo moyo wa ubadilishanaji, ilikuwa basi ndani ya mfumo wenyewe. Mwaka 1906 mkutano wa Rome ulikuwa umekwisha kuanzisha kuponi ya majibu ya kimataifa, iliyomwezesha mtu kumlipia rafiki wa nchi nyingine gharama ya stempu ya kujibu.

3.0 Mpaka Mmoja, Posta Mbili

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliigawa nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na tume ya pamoja ikaupima mpaka mwaka 1898. Wanyamwanga walijikuta pande zote mbili. Kusini mwa mstari huo Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ilikuwa na kituo cha Fife, jirani na Nakonde ya sasa, kando ya njia iliyojulikana kama Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha maziwa hayo mawili. Karibu na hapo wamisionari wa Kiskoti walikuwa na kituo cha Mwenzo. Kaskazini mwa mstari, serikali ya Kijerumani ilitawala kutokea Neu Langenburg, ambayo baadaye ilikuwa Tukuyu, na Wamoravian walikuwa na kituo cha Mbozi.

Hivyo majirani waliotembeleana kwa miguu walitenganishwa na posta mbili zenye fedha mbili. Upande mmoja ulihesabu kwa peni na shilingi. Upande wa pili, posta ya Kijerumani iliyofunguliwa Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890 ilitumia rupia. Kuanzia mwaka 1893 stempu za Ujerumani zilichapwa juu yake thamani kwa pesa, ambapo pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1905 pesa ziliondolewa na rupia ikagawanywa katika heller 100.

Stempu iliyotawala kipindi hicho ilianza kutumika mwaka 1901. Ilikuwa na picha ya Hohenzollern, jahazi la kifalme la Kaisari, na jina la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Picha hiyo hiyo ilitumika katika makoloni mengine ya Ujerumani, kutoka Kamerun hadi visiwa vya Pasifiki. Kilichobadilika ni jina na fedha. Barua kutoka nyanda za Mbozi, zilizo mbali na bahari, ilibeba meli isiyowahi kuonekana huko. Mtafiti aliye na stempu hiyo peke yake hawezi kusema ilitumika Tanga, Bukoba au Neu Langenburg. Akiwa na bahasha nzima, mhuri humwambia kituo na siku, na mihuri ya njiani humwambia barua ilichukua muda gani kufika pwani.

Postikadi za wakati huo zilikuwa na hali kama hiyo. Wapigapicha wenye studio Dar es Salaam, akiwemo Walther Dobbertin, walitoa kadi za bandari, majengo ya serikali, askari na watu wa makabila mbalimbali. Jumuiya za kimisionari nazo zilichapisha kadi za makanisa na shule kwa ajili ya wafadhili wa Ulaya. Mara nyingi aliyepigwa picha hakuandikwa jina. Aliandikwa kabila lake au kazi yake. Kadi ilisafiri kutoka kwa Mzungu aliyekuwa Afrika kwenda kwa Mzungu aliyekuwa kwao, na ndiyo sababu leo kadi hizo hutafutwa katika hifadhi na minada ya Ulaya kabla hazijatafutwa Vwawa au Mbeya.

4.0 Vita na Herufi Mbili

Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Fife ilikuwa mojawapo ya vituo yalikoanzia, na baada ya siku chache Neu Langenburg ilikuwa imetekwa. Jeshi hilo lilikuja na posta yake. Kwanza lilitumia stempu za kawaida za Nyasaland, kisha kuanzia Agosti mwaka huo zikaongezwa stempu za Nyasaland zenye herufi N.F. juu yake, kwa maana ya jeshi la Nyasaland. Thamani zake zilikuwa tano: nusu peni, peni moja, peni tatu, peni nne na shilingi moja.

Kwa wakusanyaji, stempu za N.F. ni kitu cha kutafutwa kwa sababu zilitumika katika vita na kwa watu wachache. Kwa mwanahistoria, umuhimu wake uko kwingine. Herufi mbili nyeusi ni rahisi kughushi juu ya stempu halisi ya Nyasaland. Kinachothibitisha kwamba stempu ilifika uwanja wa vita ni mhuri wa posta ya jeshi na bahasha iliyobeba. Aidha, bahasha hizo huonesha nani aliandika: kwa sehemu kubwa maofisa na askari wa Kizungu. Maelfu ya wapagazi waliobeba chakula, risasi na mifuko hiyo hiyo ya barua, ambao upande wa Nyasaland na Rhodesia waliitwa tengatenga, hawamo katika anwani wala katika sahihi. Mkusanyo mzuri kuliko yote wa N.F. bado utakuwa kimya kuhusu watu waliofanya posta hiyo iwezekane.

Upande wa Wajerumani, uhaba wa stempu uliwafanya mwaka 1916 wachapishe za dharura katika kiwanda cha misheni cha Wuga, Usambara. Stempu hizo zilifukiwa karibu na Morogoro ili adui asizipate, zikafukuliwa mwaka 1921 na kuuzwa Ujerumani. Zilizalishwa kwa ajili ya barua, zikaishia kwa wakusanyaji. Ulinganisho wa stempu za N.F. na za Wuga unafaa kumkumbusha mtafiti kwamba kuwapo kwa stempu si ushahidi wa kutumika kwake.

5.0 Kutoka Twiga hadi Reli ya Uhuru

Baada ya vita, stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A. zilitumika hadi mwaka 1922, ilipotolewa stempu ya kichwa cha twiga yenye jina la Tanganyika. Mwaka 1927 twiga aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kichwa cha Mfalme George V. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na mwaka 1935 ukatoka mfululizo wenye majina ya nchi zote tatu. Picha zake zilikuwa korongo mwenye taji, jahazi katika Ziwa Viktoria, simba, Kilimanjaro, daraja la Jinja, Mlima Kenya na Ziwa Naivasha. Hakuna hata moja iliyotoka nyanda za juu za kusini.

Hali hiyo iliifanya Tunduma ipotee mara mbili. Kwanza, stempu haikutofautisha tena Tanganyika na Kenya: barua iliyotoka Mbeya na iliyotoka Mombasa zilibeba karatasi ile ile. Pili, mkusanyaji wa Ulaya aliyepanga albamu yake kwa majina ya nchi alizibandika zote katika ukurasa mmoja. Kwa kipindi hiki kirefu, mhuri peke yake ndio unaoitenga Tanganyika na majirani zake. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde ilikuwa chini ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ilikuwa na stempu zake tangu mwaka 1925. Mpaka ulionekana zaidi kwenye bahasha kuliko ulivyoonekana shambani.

Uhuru ulibadilisha lugha ya stempu. Mfululizo wa tarehe 9 Desemba 1961 uliandikwa neno Uhuru, na miongoni mwa picha zake kulikuwa na uchumaji wa kahawa, zao lililoijengea Mbozi uchumi wake. Mwaka 1964 zilitoka stempu za muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na mwaka 1965 zikafuata za kwanza za matumizi ya kila siku zenye jina la Tanzania. Reli ya TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Njia ya upande wa Tanzania ilifika Tunduma mwaka 1973, na reli yote ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Mwaka huo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitoa stempu za usafiri wa reli, na mojawapo ilionesha reli ya Tanzania na Zambia. Zambia nayo ilitoa stempu zake za reli hiyo.

Hapo ndipo Tunduma ilipokaribia kuonekana, lakini kama sehemu ya njia. Stempu ilisherehekea ukombozi wa kusini mwa Afrika na urafiki wa mataifa matatu, jambo lililokuwa la haki. Haikukusudiwa kueleza maisha ya kituo cha mwisho upande wa Tanzania. Maelezo hayo yalikuwa ndani ya barua za wafanyakazi wa reli, wanafunzi na wafanyabiashara, na barua hizo zilikwenda kwa jamaa na marafiki waliokuwa mbali.

6.0 Redio, Marafiki wa Kalamu na Postikadi

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 ubadilishanaji ulipata msukumo mpya kutoka kwenye redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Radio Peking mwaka 1961, na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Idhaa hizo ziliwahimiza wasikilizaji waandike. Msikilizaji aliyetaja siku, saa na masafa aliyosikia matangazo aliweza kutumiwa kadi ya kuthibitisha usikivu, pamoja na kalenda au picha. Klabu za wasikilizaji zilianzishwa sehemu nyingi za Tanzania na Kenya, na kadi zilibandikwa ukutani au kuhifadhiwa katika madaftari. Wakati huo huo wanafunzi waliandikiana na marafiki wa kalamu, na stempu za bahasha walizopokea zikawa mwanzo wa albamu.

Mazingira ya posta yaliupa ubadilishanaji huo sura ya kijamii. Barua nchini Tanzania hazikupelekwa mlangoni bali katika Sanduku la Posta, na si kila mtu alikuwa na sanduku. Wengi walitumia sanduku la shule, kanisa, ofisi ya kijiji au mwajiri. Bahasha yenye stempu ya kigeni ilipita mikononi mwa mwalimu au karani kabla ya kumfikia mwenyewe, na wakati mwingine ilimfikia ikiwa imekwisha kukatwa kona. Anwani yenye neno "kwa" mbele ya jina la shule au parokia ni ushahidi wa uhusiano ambao stempu iliyobanduliwa haiwezi kuuonesha.

Baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, posta ikawa ya kitaifa. Shirika la Posta Tanzania lilianza kazi peke yake mwaka 1994, baada ya kutenganishwa na simu. Katika miaka ya 1980 na 1990 zilitolewa stempu nyingi za Tanzania zilizolenga soko la wakusanyaji wa nje, zikiwa na dinosaria, wanamuziki na wahusika wa katuni. Nyingi zilipigwa mhuri kabla ya kuuzwa na hazikupita katika mfuko wowote wa barua. Jambo hili linaiwekea mpaka hoja ya insha hii: mhuri nao unaweza kudanganya. Mhuri safi uliokaa kwenye kona ya stempu ambayo bado ina gundi nyuma ni alama ya biashara. Unaoaminika zaidi ni ule uliovuka stempu ukaendelea hadi kwenye karatasi ya bahasha.

Simu za mkononi na intaneti zilipunguza barua za kawaida, lakini pia zilizaa njia mpya ya kubadilishana kadi. Mradi wa Postcrossing ulianzishwa na Mreno Paulo Magalhães mwaka 2005. Mshiriki hupewa anwani ya mtu asiyemjua na namba ya kadi. Mpokeaji akiisajili namba hiyo, anwani ya mtumaji hupewa mtu mwingine. Anayetuma hapati jibu kutoka kwa aliyempelekea, bali kutoka kwa mtu wa tatu. Tofauti na urafiki wa kalamu, hapa uhusiano unaweza kwisha kwa kadi moja, lakini takwimu za safari hubaki katika kompyuta: siku ngapi, umbali gani, kutoka wapi. Kwa mara ya kwanza, njia ya karatasi huhifadhiwa hata karatasi yenyewe ikipotea. Maneno yaliyoandikwa nyuma ya kadi hayahifadhiwi.

7.0 Kilichopotea na Kinachoweza Kuokolewa

Desturi ya wakusanyaji ni kuikata stempu pamoja na kipande cha bahasha, kuiloweka majini hadi gundi ilegee, kuikausha na kuibandika katika albamu. Kwa njia hiyo stempu hupata thamani ya kubadilishana kwa kuwa safi na nyepesi. Bahasha hutupwa, na pamoja nayo huondoka jina la mtumaji, sanduku la posta, mihuri ya njiani na tarehe ya kufika. Katika eneo ambalo picha za stempu ziliwakilisha mara chache, kuloweka huko kumefuta sehemu kubwa ya kile ambacho mahali pangeweza kujisemea.

Hasara hiyo inaongezwa na ubadilishanaji wenyewe. Mkazi wa Vwawa aliyeandikia idhaa ya Beijing au rafiki wa Ujerumani hakubaki na nakala ya barua yake. Albamu yake ina picha za Beijing na Köln. Habari za Vwawa, kama bado zipo, ziko huko. Hivyo mtafiti wa Songwe hana budi kufanya kazi kinyume cha mkusanyaji: badala ya kuuliza albamu ya hapa ina nchi ngapi, aulize ni albamu zipi za nchi nyingine zenye mihuri ya Tunduma, Mbozi, Vwawa, Fife na Nakonde.

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, bahasha na kadi zilizomo majumbani, mashuleni na makanisani katika wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe pamoja na mji wa Tunduma zipigwe picha pande zote mbili kabla ya kuguswa, kwa idhini ya wenyewe. Pili, orodha ziandaliwe kwa kufuata mhuri na anwani, si kwa kufuata picha ya stempu. Tatu, wenye mikusanyo wahojiwe wangali hai, kwa kuwa wao ndio wanaojua walichokituma.

8.0 Hitimisho

Tangu mwaka 1890 eneo la Tunduma limetumia stempu zenye majina ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, Nyasaland, Tanganyika, Kenya na Uganda, na hatimaye Tanzania. Wenyeji hawakuhama, majina na picha ndizo zilizohama juu yao. Insha imeonesha kwamba historia ya mahali katika karatasi hizo haipo sana pale jicho linapovutwa kwanza, bali katika wino wa mhuri, mwandiko wa anwani na maneno machache ya nyuma ya kadi. Imeonesha pia kwamba nusu ya historia hiyo imetawanyika katika albamu za ng'ambo, ikiwa imehifadhiwa na watu wasiojua Tunduma iko wapi. Kuikusanya upya kutahitaji ushirikiano wa wakusanyaji na wanahistoria wa nchi nyingi, na kuanze kwa jambo dogo: bahasha inayofuata kupatikana isilowekwe.